Kuisoma Damu Ndani ya Jicho: Utangulizi

Chukua kadi ngumu, hata ile ya mwaliko wa harusi iliyokwisha kupita, uitoboe kwa sindano tundu dogo kabisa. Funga jicho moja, lisogeze tundu karibu na jicho la pili, kisha utazame mbingu nyeupe iliyo mbali na jua. Jua lenyewe usilitazame kamwe, kwa tundu wala bila tundu. Sasa ichezeshe kadi haraka haraka, milimita moja tu huku na huku, bila kuisimamisha. Ukivumilia kidogo yataanza kujitokeza matawi membamba ya kijivu, yanagawanyika na kugawanyika tena, yote yakielekea katikati ya unapotazama, na pale katikati hasa patabaki uwazi usio na tawi hata moja. Ukiituliza kadi, matawi yanatoweka.

Ulichokiona ni vivuli vya mishipa ya damu ya jicho lako mwenyewe. Mwanasayansi Mcheki Jan Purkinje aliandika habari za vivuli vya namna hii mapema katika karne ya 19, akitumia mshumaa na macho yake, wakati hapakuwa bado na chombo cha kuchungulia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Nimeanzia hapa kwa makusudi. Wageni wengi wa fani hii huingia wakiwa wametishwa na mashine. Mashine zipo, tena za bei mbaya, lakini fizikia yake ya msingi umekwisha kuigusa kwa kadi na sindano: mwanga umeingia, umekutana na damu, na kitu fulani kimebadilika. Kazi iliyobaki ni kulinasa badiliko hilo.

Fani yenyewe tunaiita upigaji picha wa mishipa ya jicho usioingilia mwili. Kutoingilia mwili maana yake ni kwamba hakuna kisu wala sindano. Kinachoingia ni mwanga peke yake. Pengine mgonjwa hutiwa matone ya kuitanua mboni, yaani lile tundu jeusi katikati ya jicho, lakini hayo hatuyahesabu. Na kwa nini jicho? Kwa sababu ni mahali pachache mno mwilini ambapo mishipa midogo ya damu inaweza kutazamwa waziwazi, ikiwa hai na ikifanya kazi, bila kupasua kitu. Daktari wa figo au wa ubongo hana dirisha kama hilo.

Kuna swali moja ambalo ningependa uwe nalo tangu sasa: picha hii imefanywa na nini? Ipo picha inayofanywa na rangi ya damu, ipo inayofanywa na dawa iliyochanganyika na damu, na ipo inayofanywa na mwendo wa damu. Zote tatu huitwa picha za mishipa, na mwanafunzi anayezichukulia kuwa ni kitu kimoja ataona magonjwa yasiyokuwepo na kuyapita yaliyopo.

Tuanze na ramani. Jicho la mtu mzima lina urefu wa takriban milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Mbele kuna konea, ngozi angavu inayolifunika jicho. Nyuma yake mboni, kisha lenzi, kisha ute mzito usio na rangi unaojaza sehemu kubwa ya jicho. Ukutani kwa nyuma ndipo ilipotandazwa retina, utando wa neva unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara za kwenda kwenye ubongo. Unene wake ni karibu robo ya milimita tu, na ndani ya robo hiyo wataalamu hutenganisha tabaka kumi.

Retina hulishwa kwa njia mbili, na hapa naomba utulie, maana kuzichanganya njia hizi ndiko kunakozaa matatizo mengi ya baadaye. Njia ya kwanza ni ateri ya kati ya retina. Ateri ni mshipa unaoleta damu kutoka kwenye moyo. Vena ni ule unaoirudisha. Ateri hii husafiri ndani ya neva ya macho, hujitokeza kwenye kisahani cha neva, yaani duara dogo jeupejeupe ambapo neva hiyo hutokea jichoni, kisha hutawanyika juu ya retina hadi kuwa kapilari, mishipa myembamba kuliko yote. Upana wa kapilari ni mikroni 5 hadi 10. Mikroni ni sehemu moja ya elfu moja ya milimita. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikroni 7 hadi 8, kwa hiyo mahali pengine hulazimika kujikunja ndipo ipite.

Njia ya pili ni koroidi, tabaka zima la mishipa lililo nyuma ya retina. Sehemu kubwa mno ya damu inayoingia jichoni hupita huku, nayo ndiyo inayolisha seli zipokeazo mwanga, ambazo ziko upande wa nyuma wa retina. Ule uwazi ulioukuta katikati ya matawi sasa una maelezo. Hapo ndipo penye fovea, kishimo kidogo tunachokitumia kusoma na kutambua nyuso. Kapilari za retina huizunguka bila kuikatiza, na eneo hilo lisilo na kapilari lina kipenyo cha karibu nusu milimita. Linalishwa na koroidi peke yake. Likianza kutanuka au kingo zake kukatikakatika, tunashuku kwamba kapilari zinakufa, na kwa mwenye kisukari hilo ni miongoni mwa mambo ya mwanzo tunayoyatafuta.

Huenda unajiuliza: ikiwa seli zipokeazo mwanga ziko nyuma, na mishipa iko mbele yake, mbona hatuioni siku zote? Umeuliza vizuri. Vivuli vyake huangukia seli zile zile tangu asubuhi hadi jioni, na mfumo wa kuona hukipuuza kisichobadilika. Kadi yako ilipocheza, mwanga uliingia kwa pembe zinazobadilika, vivuli vikahama, ukaviona. Kinachosogea hujitangaza kuliko kilichotulia: jambo hilo litatusaidia sana tutakapofika kwenye mashine za leo.

Swali la pili ambalo kila mgeni huuliza: kwa nini nikimtazama mwenzangu machoni naona weusi tu? Jibu ni la jiometri. Mwanga unaoingia kwenye mboni hurudi kwa njia ile ile uliyoingilia, kuelekea kwenye taa. Ili uuone, jicho lako lazima liwe pale ilipo taa, na ukikiweka kichwa hapo umeiziba taa yenyewe. Hermann von Helmholtz, aliyekuwa profesa wa fiziolojia huko Königsberg, alilifumbua fumbo hilo mwaka 1850 kwa kioo kilichoinamishwa: kiliurudisha mwanga wa taa ndani ya jicho la mtu, na kwa kuwa kioo ni angavu, yeye alitazama kwa kupitia kioo hicho hicho. Maelezo ya chombo chake, oftalmoskopu, yalichapishwa mwaka 1851. Kwangu mimi huo ndio uvumbuzi mzuri kuliko wote wa fani hii, maana hauna ndani yake kitu ambacho hakikuwa kinapatikana miaka mingi kabla yake.

Kamera ya retina unayoikuta leo kwenye kliniki ya macho ni wazo lile lile likiongezewa mmweko na kihisi cha kidijitali. Mgonjwa huegemeza kidevu, paji la uso likigusa ukanda, hukaza jicho kwenye nukta ya mwanga, na kufumba na kufumbua picha imepatikana. Uwanja wote ni wa rangi ya chungwa. Ateri ni nyembamba kidogo na nyekundu yenye kung'aa. Vena ni pana zaidi na nyekundu iliyokolea. Kwa jicho zima, upana wa ateri kwa vena jirani yake ni kama mbili kwa tatu.

Sasa lete lile swali letu: picha hii imefanywa na nini? Ukuta wa mshipa mzima ni angavu, hauonekani. Unachokiona ni safu ya chembe nyekundu zilizomo ndani, na wekundu wake ni wa himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Mshipa ukikosa chembe hizo, kwa macho ya kamera haupo.

Umuhimu wa jambo hili nimeuona ukielezwa vizuri zaidi na malaria kuliko na kisukari. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, watafiti waliowachunguza watoto waliopoteza fahamu kwa malaria ya ubongo walikuta kwenye retina zao mabaka meupe, madoa ya damu iliyovuja, na, jambo la ajabu zaidi, mishipa iliyobadilika rangi ikawa ya chungwa au hata nyeupe. Mishipa haikuwa tupu. Vimelea vya malaria hula himoglobini ndani ya chembe nyekundu, na chembe zilizoambukizwa hunata kwenye kuta za mishipa midogo. Damu ipo, lakini imepoteza wekundu wake, na safu tuliyozoea kuiona imefifia. Mwaka 2004 mmoja wa watafiti hao, Terrie Taylor, pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maiti za watoto 31 ambao kwa vigezo vya kawaida vya kitabibu walihesabiwa kuwa na malaria ya ubongo. Saba kati yao walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine kabisa. Katika dalili zote zilizochukuliwa kitandani watoto hao wakiwa hai, ile iliyotenganisha vizuri makundi hayo mawili ilikuwa ni ya retina.

Lakini picha ya rangi haiwezi kuonyesha kapilari moja moja. Ni nyembamba mno, na safu yake ya damu haitoshi kuacha rangi. Hapo ndipo ilipozaliwa angiografia, yaani picha ya mishipa inayopatikana kwa msaada wa dawa. Dutu iitwayo fluoresini humeza mwanga wa buluu na kutoa wa kijani. Harold Novotny na David Alvis, wanafunzi wa udaktari huko Indiana, Marekani, waliidunga kwenye mshipa wa mkono, wakammulika mtu jichoni kwa mwanga wa buluu, wakaweka kichujio kinachopitisha kijani peke yake, na kuipiga picha damu ikiwasili kwenye retina. Jicho la kwanza kupigwa lilikuwa la Alvis mwenyewe. Makala yao ilitoka mwaka 1961, tena katika jarida la mzunguko wa damu, si la macho.

Fluoresini huchanganyika na plazma, ile sehemu ya maji ya damu, kwa hiyo hufika hata penye chembe chache, na mahali ambapo ukuta wa mshipa umeharibika, huvuja. Uvujaji huo ni habari muhimu sana kwa daktari. Ila kuna sindano, kuna kichefuchefu kwa baadhi ya watu, ngozi na mkojo hugeuka manjano kwa muda, na mara chache sana hutokea mzio mkali unaotishia uhai. Kwa mama mwenye kisukari anayehitaji kupimwa mara kwa mara, si kipimo cha kurudiarudia ovyo. Je, tungeweza kuziona kapilari bila dawa?

Njia ya kufika huko ilipitia kifaa ambacho hakikukusudiwa kupiga picha za damu. Mwaka 1991 David Huang, James Fujimoto, Eric Swanson na wenzao walieleza katika jarida la Science mbinu inayojulikana kwenye kliniki kwa herufi tatu, OCT. Ni tomografia, maana yake ni picha ya mkato, kana kwamba tishu imekatwa na kutazamwa ubavuni. Ila kinachokata ni mwanga. Kanuni yake inafanana na ile ya ultrasaundi: tuma wimbi, sikiliza mwangwi, ujue kina cha kilichourudisha. Tatizo ni kwamba mwanga hukimbia kilomita laki tatu kwa sekunde, na hakuna saa ya kielektroniki inayoweza kutofautisha mwangwi wa tabaka moja la retina na wa tabaka linalofuata.

Ujanja uliotumika ni huu. Mwanga usioonekana kwa macho, ulio karibu na mwekundu, hugawanywa sehemu mbili. Moja huenda jichoni, nyingine huenda kwenye kioo cha kujitazamia kilicho umbali unaojulikana. Zinaporudi, hukutanishwa. Mawimbi yakiwa yamesafiri umbali ulio sawa, huingiliana: penye kilele na kilele yanakuza mwanga, penye kilele na bonde yanauzima. Na kwa kuchagua mwanga wenye mchanganyiko mpana wa urefu wa mawimbi, muingiliano huo hutokea tu pale ambapo umbali umelingana ndani ya mikroni chache. Basi anayejua umbali wa kioo anajua kina cha tabaka. Ukiona aya hii ni nzito, isome tena polepole. Ndiyo ngumu kuliko zote katika utangulizi huu, na hutahitaji hesabu yoyote zaidi ya hapo ili kuendelea.

Mstari mmoja wa kina tuuite mkwaju, na mikwaju mingi ikipangwa bega kwa bega huwa mkato mmoja. Mashine ya kwanza iliyouzwa, katika miaka ya 1990, ilipiga mikwaju 100 kwa sekunde. Za leo hupiga 70,000, 100,000 na zaidi. Kasi hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa picha za mishipa, kwa sababu iliruhusu mkato mmoja upigwe mara mbili au zaidi mahali pale pale, zikipishana kama milisekunde tano tu.

Piga picha mbili za Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ukiwa ghorofani, zikipishana sekunde moja. Maduka ni yale yale katika zote mbili. Kilichobadilika ni watu. Ukiitoa picha moja kwenye nyingine, maduka yanafutika na umati unabaki. Angiografia ya OCT, inayofupishwa OCT-A, hufanya hivyo hivyo. Tishu imetulia, chembe za damu zinapita. Kompyuta hulinganisha mikato, hufuta kisichobadilika na kuacha kilichosogea. Kwa sekunde chache, bila sindano, unapata mtandao wa kapilari kwenye eneo la milimita tatu kwa tatu, tena kwa tabaka: unaweza kuutazama mtandao wa juu wa retina peke yake, kisha ule wa chini, kisha wa koroidi. Fluoresini haiwezi kuyatenganisha hivyo.

Mwanafunzi akiiona kwa mara ya kwanza hupumbazwa na uzuri wake, nami sishangai. Ila uliza lile swali. Imefanywa na mwendo. Yule mchuuzi wa Mtaa wa Kongo aliyesimama akihesabu chenji hatatokea kwenye picha yako, ingawa yupo. Vivyo hivyo, kapilari ambayo damu yake inakwenda polepole mno inaonekana nyeusi. Kapilari nzima hupitisha damu kwa kasi ya milimita moja au mbili kwa sekunde. Ikishuka sana chini ya hapo, mashine inaweza isiione. Vile vivimbe vidogo vya kapilari vinavyoletwa na kisukari mara nyingi vina damu inayojizungusha taratibu ndani yake, na OCT-A huvikosa vingi ambavyo fluoresini ingevionyesha. Kwa hiyo usiandike kwenye ripoti kwamba mshipa umeziba kwa sababu tu umeona weusi. Andika kwamba mwendo haukuonekana.

Lipo pia kosa la upande wa pili, ambapo picha huonyesha mshipa usiokuwepo. Chembe zinapopita kwenye mshipa wa juu, mwanga unaopenya kwenda chini hutetemeka pamoja nazo, na tabaka la chini lenye kuakisi sana huonekana kana kwamba nalo lina mwendo. Unapata nakala ya mshipa wa juu ikiwa imeandikwa kwenye tabaka lisilo na mishipa. Dawa yake ni kutazama tabaka mbili sambamba: mshipa wa chini ukifuata kona kwa kona ule wa juu, una haki ya kuushuku. Mistari myeupe iliyonyooka inayokatiza picha nzima ni jicho lililocheza. Mstari mweusi ni kupepesa jicho. Na uvujaji, ambao haufanyi mwendo wa kutosha, OCT-A haiuonyeshi kabisa, ndiyo maana fluoresini haijastaafu.

Usidhani basi kwamba kamera ya kawaida imepitwa na wakati. Katika Afrika Mashariki bado ndiyo inayobeba mzigo mkubwa, kwa kuwa inabebeka na bei yake ni nafuu. Kilimanjaro, wagonjwa wa kisukari wamekuwa wakipimwa retina kwa kamera inayopelekwa kwenye kliniki zao za kawaida. Nakuru, mtafiti Andrew Bastawrous na wenzake walijaribu kuipiga picha retina kwa simu ya mkononi iliyofungwa kifaa kidogo. Kigali, watafiti walitumia programu inayoisoma picha papo hapo, wakakuta kwamba wagonjwa waliopewa jibu palepale walikwenda hospitali walikotumwa kwa wingi zaidi kuliko walioambiwa wasubiri. Utaona kwamba katika mfano huu wa mwisho ubora wa picha haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni saa ambayo mgonjwa alipata jibu.

Ukitaka kuanza, usianze na OCT-A. Anza na picha za rangi, na ipo hazina ya wazi ya kukufaa, iitwayo DRIVE, yenye picha 40 zilizotoka kwenye mpango wa upimaji wa kisukari nchini Uholanzi. Kila picha ina nakala yake ambayo ndani yake mtu amechora mishipa yote kwa mkono. Chapisha picha moja, weka karatasi angavu juu yake, uanzie kwenye kisahani cha neva na kuifuata ateri moja hadi inapokupotea. Kisha linganisha na mchoro wa mtaalamu. Picha 20 kati ya hizo zimechorwa na watu wawili tofauti, nao hawakubaliani kila mahali: kwenye mishipa mikubwa michoro yao inafuatana, lakini ikifika kwenye ile myembamba mmoja anachora tawi, mwingine anapaacha peupe. Kaa na sehemu hizo za ubishi, ujiulize ni nini kwenye mwanga kilichomfanya wa kwanza aone na wa pili asione.